UZI: Maneno ya mkopo katika Kiindonesia – Mswahili sura anaitambua, maana inamponyoka

Marikebu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wanaojifunza Kiindonesia humu ni wengi, wa masomo, wa biashara na wa kazi za melini, na kosa wanalolirudia ni lile lile. Mtu anakutana na “kabar”, “dunia”, “waktu”, “sebab”, “miskin”, “akal”, anaona lugha ameshaijua nusu. Sura ya neno kweli inatabirika, na kanuni zake zinaandikika. Maana haitabiriki. Naomba uzi huu tuutumie kutenganisha mambo hayo mawili, na kila anayeleta neno alete na njia lililopitia.

Tabaka kwa ufupi. Kiindonesia kimetokana na Kimalei, lugha ya biashara ya Mlango wa Melaka. Jiwe la Kedukan Bukit, Palembang, la mwaka 682, lina Kimalei cha kale kilichokwisha changanyika na Kisanskriti. Baadaye Uislamu ukaja na Kiarabu, na Kiajemi kikiwa pembeni yake. Wareno waliiteka Melaka mwaka 1511. Kampuni ya Kiholanzi ya VOC iliundwa mwaka 1602, na Waholanzi wakakaa mpaka Wajapani walipoingia mwaka 1942. Wachina wa Kihokien, wa kutoka Fujian, walikuwepo muda wote huo wakiuza na kupika. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana waliokutana Batavia (Jakarta ya leo) waliapa kuitukuza lugha moja ya umoja, bahasa Indonesia.

Na jambo dogo la adabu kabla hatujaendelea: “bahasa” ni Kisanskriti, bhāṣā, maana yake lugha. Anayesema “najifunza Bahasa” amesema “najifunza Lugha”. Tuiite Kiindonesia.

Dalili ya haraka kwamba neno ni la mkopo: ukiona f, v, z, kh au sy ndani yake. Sauti hizo Kimalei cha asili hakikuwa nazo. Ila ukizikosa usiseme ni la asili, maana mikopo ya zamani ilishanyolewa ikafanana na wenyeji.

---

FundiLugha

Marikebu, asante kwa kuufungua. Nianze na Kiarabu, kwa sababu ndiko Mswahili anakojiamini zaidi na ndiko anakoanguka.

Kanuni ya kwanza, na ndiyo yenye faida kuliko zote: herufi ain (ع). Sisi ain ikikaa katikati ya neno tumeiacha, zikabaki irabu mbili zimekaa pamoja. Wao waliisikia kama kikwazo cha kooni na wakaiandika k. Pangeni hivi muone:

maana – makna
neema – nikmat
laana – laknat
maalumu – maklum
raia – rakyat
yaani – yakni

Ukishaishika hii unaweza kulitambua neno hujawahi kuliona. Haishiki kila mahali, kwa kuwa “saa” kwao ni “saat” na “Ijumaa” ni “Jumat”, lakini inashika kwa wingi wa kutosha kuitegemea.

Kanuni ya pili ni dh yetu. Hapa inabidi mtu akumbuke kwamba dh ya Kiswahili imebeba herufi tatu za Kiarabu: dhali (ذ), dhadi (ض) na dhaa (ظ). Kiindonesia kimezitawanya.

Dhali imekuwa z: idhini – izin, adhana – azan, ladha – lezat.

Dhadi imekuwa d au l: kadhi – kadi, Ramadhani – Ramadan, kuhudhuria – hadir, lakini ridhaa – rela, na faradhi – perlu.

Dhaa imekuwa l katika mikopo ya zamani: dhahiri – lahir, dhalimu – lalim, adhuhuri – lohor, lafudhi – lafal.

Hiyo l inawashangaza watu. Wanasarufi wa kale wa Kiarabu, Sibawayhi mmojawapo, walieleza kwamba dhadi ilitamkwa kwa ubavu wa ulimi, mahali panapotoka l. Na kwa kuwa dhadi na dhaa zilikuja kuchanganyika katika lahaja nyingi, l ikazifuata zote mbili.

Wanaosoma vitabu vya dini baadaye walirudisha sauti iliyo karibu zaidi na Kiarabu, ndiyo maana kuna jozi: “lalim” na “zalim”, “perlu” na “fardu”, “rela” na “rida”. Lile lenye l ni la zamani zaidi, na mara nyingi limeshatoka msikitini likaingia sokoni. “Perlu” leo ni “hitaji” la kila siku: “tidak perlu”, haina haja. “Fardu” limebaki kwenye ibada.

Mengine ni mepesi. F ya zamani ikawa p: fikiri – pikir, fahamu – paham. Th yetu kwao ni s: hadithi – hadis, mrithi – waris. Sh wanaandika sy: shairi – syair, shukuru – syukur. Kh, ambayo sisi tumeifanya h, kwao mara nyingi ni k: habari – kabar. Halafu irabu ya mwisho: sisi tunaifunga kila silabi kwa irabu, wao wanaacha konsonanti wazi, hivyo hakimu – hakim, kamusi – kamus, karatasi – kertas, jedwali – jadwal.

---

Chombo_cha_Tatu

Mkuu FundiLugha, swali. Kwa nini rakyat, nikmat, laknat zote zina t mwishoni, na sisi hatuna? Na mbona “hadiah” na “musyawarah” zimeishia na h?

---

FundiLugha

Ni ile taa marbuta ya Kiarabu (ة). Ukisimama kwenye neno inasikika kama a au ah, ukiendelea inasikika t. Kiswahili kimechukua sura ya kusimama: neema, laana, baraka, hekima. Kiindonesia kina zote mbili, na wakati mwingine neno moja limeingia mara mbili: baraka kwao ni “berkat” na pia “berkah”. Kiajemi nacho kina tabia ya kuishika t hiyo, na wapo wanaoiona kama alama kwamba sehemu ya maneno haya ilifika kwa kupitia India na Uajemi, si moja kwa moja kutoka Hijazi.

Angalia pia “musyawarah”. Likivishwa viambishi, t inarudi: permusyawaratan. Moja ya mabunge yao ni Majelis Permusyawaratan Rakyat. Ndani yake mna majlisi, mashauriano na raia, ndugu watatu unaowajua.

---

BintiPangani

Hapo kwenye majina ya mabunge ndipo pa kuanzia maana, kwa hiyo nitakaa hapo.

Bunge lingine linaitwa Dewan Perwakilan Rakyat. Mswahili anaona diwani, wakili, raia. Sasa ona kilichotokea. “Dewan” ni baraza lenyewe, wakati kwetu diwani ni mtu anayekaa ndani ya baraza. “Wakil” ni mwakilishi au makamu, “wakil presiden” ni makamu wa rais, wala si mtu wa kukutetea mahakamani. Ukitaka wakili wa mahakamani sema “pengacara” au “advokat”. “Rakyat” ni wananchi kwa jumla, watu wa kawaida. Raia wa kwenye pasi ya kusafiria ni “warga negara”, na maneno yote mawili hayo ni Kisanskriti.

Sasa orodha ya mitego yenyewe. Naweka ile inayoharibu nyaraka na mazungumzo, si ile ya kuchekesha.

“Alamat” si alama, ni anwani. Fomu ikikuuliza alamat, andika unapokaa. Alama kwao ni “tanda”.

“Daftar” ni orodha. “Daftar isi” ni yaliyomo kitabuni, na “mendaftar” ni kujiandikisha. Daftari la kuandikia ni “buku tulis”.

“Hukum” ni sheria kama fani na kama mfumo. Fakultas Hukum ni kitivo cha sheria. Ukiongeza -an, “hukuman”, ndipo unapata adhabu. “Syariat” limebaki kwa sheria ya dini tu. Aliyezoea “hukumu” ya hakimu atasoma gazeti la Jakarta akadhani kila ukurasa kuna mtu amefungwa.

“Adat” ni mila na desturi. Usiulize “adat” ya chuo ukitaka kujua ada. Utaelezwa taratibu za wenyeji. Neno la Kiarabu ni hilo moja, lenye maana ya mazoea. Kwetu limeishia kuwa malipo yaliyozoeleka, kwao likabaki mazoea yenyewe. “Hukum adat” ni sheria za kimila, na ni istilahi nzito kabisa katika kesi za ardhi.

“Jenazah” ni maiti, mwili wenyewe. Kwetu jeneza ni sanduku. Tafsiri ya habari ya msiba ikikosea hapa inaumiza watu, kwa hiyo angalieni sana.

“Korban” ni mhanga: “korban banjir”, wahanga wa mafuriko. Sadaka ya mnyama ni “kurban”. Neno moja la Kiarabu, tahajia mbili, maana zimegawanywa.

“Ahli” ni mtaalamu. “Ahli bahasa” ni mtaalamu wa lugha. Ahali yako ni “keluarga”.

“Khidmat” ni hali ya utulivu na heshima, kama ya kusimama bendera inapopandishwa. Huduma ya dukani ni “layanan”.

“Hebat” ni kubwa, kali, ya kustaajabisha. Haiba yetu ni ya mtu na mvuto wake. Mzizi ni mmoja, wa kutia hofu na heshima.

“Fitnah” ni kumsingizia mtu uongo. Fitina ya kuchonganisha ni pana kuliko hiyo.

“Kitab” ni kitabu kitakatifu au cha elimu ya dini tu. Riwaya, kitabu cha hesabu, kitabu cha mapishi, vyote ni “buku”, kutoka Kiholanzi boek.

Na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: “logat” ni lugha yetu kabisa, lughat ya Kiarabu, lakini kwao maana yake ni lafudhi. “Logat Jawa” ni lafudhi ya Kijava. Lafudhi nayo ipo, “lafal”, na maana yake ni matamshi. Maneno yamesogea hatua moja moja, kila moja likakalia kiti cha mwenzake, na kiti cha lugha akakikalia Msanskriti, “bahasa”.

---

MtotoWaKilwa

Dada BintiPangani, kwenye “lahir” umepita bila kusimama. FundiLugha kasema ni dhahiri. Kwenye fomu zao “lahir” ni kuzaliwa.

---

BintiPangani

Kweli ndugu yangu, ni kuzaliwa: “tempat dan tanggal lahir”, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Kutokea wazi, kuonekana, ndiko kulikofikia kuzaliwa. Maana ya zamani haijafa. Idul Fitri wanaambiana “mohon maaf lahir dan batin”, naomba msamaha wa dhahiri na wa batini, wa nje na wa ndani. Ukitafsiri hapo “kuzaliwa” umeharibu salamu yote.

Na kwa kuwa tuko kwenye salamu: “apa kabar?” ni “habari gani?” neno kwa neno, na jibu “kabar baik” ni “habari nzuri”. Pwani mbili za bahari moja zimejenga salamu kwa tofali lile lile.

---

MtotoWaKilwa

Bahari hiyo imetuachia na mengine ambayo maana yamezitunza. “Musim” ni msimu, Kiarabu mawsim, wakati wa pepo za safari: “musim hujan”, msimu wa mvua. “Nakhoda” ni nahodha, Kiajemi. “Bandar” ni bandari, Kiajemi pia, na msimamizi wa bandari anaitwa “syahbandar”. Msamiati wa chombo na pepo haukusogea, naona kwa sababu watu wake walikuwa wanakutana kila mwaka.

Ngoja niweke Kireno, kwa sababu Wareno walifika kwetu mwaka 1498 na Melaka wakaiteka 1511. Meza kwao ni “meja”, bendera ni “bendera”, nanasi ni “nanas”. Leso yetu ni lenço. Kule Maluku kuna ngoma ya “lenso”, inachezwa kwa kitambaa mkononi. “Roda” kwao ni gurudumu, na kwetu mabaharia wana roda, kapi ya kupitishia kamba. Yasiyo na ndugu kwetu ni mengi pia: “sepatu” kiatu, “jendela” dirisha, “kemeja” shati, “keju” jibini, “mentega” siagi, “boneka” mwanasesere, “sekolah” shule.

Sasa “gereja”. Kwao ni kanisa, Kireno igreja. Kwetu neno hilo hilo ni gereza. Njia yake ilipitia ngome: kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome, kama Fort Jesus ya Mombasa iliyoanza kujengwa 1593, basi neno likaikamata ngome nzima. Kilwa Kisiwani ile ngome mpaka leo inaitwa Gereza. Kisha ngome zikafanywa vifungo, na Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni kuanzia 1895. Mkristo wa Indonesia akikwambia “saya ke gereja”, anakwenda kusali.

Mtazame na sauti: j ya Kireno katika igreja kwetu imekuwa z, kwao imebaki j. Na s ya mesa, inayotamkwa z, kwetu imebaki z, kwao ikawa j kwa kuwa z hawakuwa nayo.

---

Gari_Bovu

Naomba kuingia upande wa gereji, maana wapo wanaoagiza vipuri kutoka kule na orodha zinawachanganya. Kwetu gereji inasema Kiingereza kilichovaa kanzu: breki, klachi, gia, jeki, tairi, plagi. Kwao gereji inasema Kiholanzi. Chukueni:

breki – rem
klachi – kopling (koppeling)
gia – persneling (versnelling)
usukani – setir (stuur)
tairi – ban (band)
plagi – busi (bougie, Waholanzi waliitoa Ufaransa)
betri ya gari – aki (accu)
ekzosi – knalpot, yaani chungu cha mlipuko
jeki – dongkrak (dommekracht)
kipuri – onderdil (onderdeel), ingawa kwenye maandishi rasmi utaona “suku cadang”

Gereji yenyewe ni “bengkel”, kutoka winkel. Mholanzi wa leo winkel kwake ni duka, hivyo tusimtumie Mholanzi kama kamusi ya Kiindonesia. Petroli ni “bensin”.

Nyumbani na ofisini ni hivyo hivyo: “kantor” ofisi, “handuk” taulo (mkono + kitambaa), “kulkas” jokofu (baridi + kabati), “ember” ndoo, “keran” bomba la maji, “asbak” kisahani cha majivu ya sigara, “kamar” chumba, “wortel” karoti, “buncis” maharage mabichi ya maganda (boontjes), “rekening” akaunti ya benki au bili.

---

Chombo_cha_Tatu

Na “polisi”? Hilo ni letu kabisa.

---

Gari_Bovu

Limefanana tu. Letu limetoka Kiingereza police, irabu imeongezwa mwishoni. Lao limetoka Kiholanzi politie, na kuna kanuni kamili nyuma yake: mwisho wa Kiholanzi -tie unakuwa -si. Informatie – informasi, politie – polisi. Kwa hiyo ukijua neno la kitaalamu la Kiingereza linaloishia -tion, badilisha -si utapatia mara nyingi: “organisasi”, “administrasi”, “operasi”.

Kanuni ya pili: -teit ya Kiholanzi imekuwa -tas. Universiteit – universitas, kwaliteit – kualitas. Hapa walikwenda makusudi kwenye sura ya Kilatini. Maandishi ya zamani yana “universitet”.

---

FundiLugha

Nakazia hapo. Polisi ni somo zuri la kwamba kufanana si ushahidi. Kuna mwingine hatari zaidi: “serikat”. Jina la Marekani kwao ni Amerika Serikat, na Mswahili anaruka moja kwa moja kwenye serikali. Hayahusiani. Serikali yetu ni Kiajemi, sarkar. “Serikat” ni Kiarabu, mzizi wa kushirikiana, na ndugu yake kwetu ni shirika. Amerika Serikat ni Amerika ya Ushirika, Amerika ya Muungano. Mzizi huo huo umezaa “masyarakat”, jamii. Serikali kwao ni “pemerintah”.

---

Mama_Tangawizi

Wapenzi, nyote mmekaa msikitini, bandarini na gereji, jikoni hamjaingia. Jikoni pale ni Kihokien.

“Mi” ni tambi, “tahu” ni jibini ya soya, “kecap” ni mchuzi wa soya, “lumpia” ni mkate wa kusokotwa wenye mboga ndani, “kue” ni keki na vitafunwa vya kila aina, “toge” ni chipukizi za choroko, “teko” ni birika la chai. Na duka lenyewe ni “toko”.

Tahadhari mbili za mezani. “Kecap” si ile nyekundu ya nyanya tunayomwagia chipsi. Hiyo kwao ni “saus tomat”. Ukiomba kecap utaletewa mchuzi mweusi, na “kecap manis” ni ule mzito wenye sukari ya mnazi. Ya pili: silabi “bak” katika “bakso”, “bakmi” na “bakpao” ni nyama kwa Kihokien, na kwa Wachina wenyewe nyama isiyotajwa jina ni ya nguruwe. Katika Indonesia ya leo bakso inayouzwa mitaani kwa kawaida ni ya ng'ombe, jina tu ndilo la zamani. Kwa asiyekula nguruwe, jina halimwambii chochote upande wowote. Auangalie mwandiko “halal” au aulize.

Chai nayo ina habari yake. Sisi tunasema chai, jina lililosafiri kwa nchi kavu kupitia Uajemi na India. Wao wanasema “teh”, jina la Kihokien lililosafiri kwa bahari, ndilo hilo hilo lililowafikia Waholanzi na Waingereza. Kahawa na “kopi” lakini ni neno moja: qahwa ya Kiarabu ilikwenda Uturuki, ikaenda Uholanzi ikawa koffie, na f ikageuka p ilipofika Java.

Na hesabu za mtaani. Jakarta fedha inahesabiwa kwa Kihokien: ce au se ni moja, no ni mbili, go ni tano; cap ni kumi, pek mia, ceng elfu, ban elfu kumi. Basi “gocap” 50, “cepek” 100, “gopek” 500, “seceng” 1,000, “noceng” 2,000, “goceng” 5,000, “ceban” 10,000, “noban” 20,000, “goban” 50,000. Makosa yanatokea kati ya goceng na goban, ambazo zinapishana mara kumi. Sikiliza silabi ya mwisho kabla hujatoa noti. Ni lugha ya kijiweni, kama “jero” na “buku” za Dar es Salaam; benki wanasema “lima ribu”.

---

Marikebu

Mama_Tangawizi, asante sana. Nirudishe Kisanskriti, kwa sababu ndicho kilichozama zaidi na wasomaji wengi hawakioni.

Waislamu wa Indonesia wanapofunga Ramadhani wanasema “puasa”, Kisanskriti upavāsa. Dhambi ni “dosa”, pepo ni “surga”, moto wa Jahanamu ni “neraka”, dini ni “agama”. Uislamu ulipofika ulikuta maneno yameshakaa kwenye ndimi, ukayavisha maana yake. Sisi tumefanya vivyo hivyo kwa Kibantu: tunafunga, tunakwenda peponi, tunamwita Mungu. Wao Mungu ni “Tuhan”, neno lao la asili.

Maana hapa zimepanda na kushuka. Nagara ilikuwa mji. “Negara” leo ni dola nzima. Deśa ilikuwa nchi au jimbo. “Desa” leo ni kijiji. Kapāla ilikuwa fuvu, “kepala” ni kichwa kizima, na pia mkuu: “kepala desa” ni mkuu wa kijiji. Svāmin, bwana mwenye mamlaka, amekuwa “suami”, mume. Strī, mwanamke yeyote, amekuwa “istri”, mke wa ndoa. “Merdeka” (uhuru), ile iliyotangazwa 17 Agosti 1945, imetoka maharddhika, mwenye mali na uwezo. Njiani ikawa mtu asiye mtumwa, na Batavia watumwa walioachwa huru waliitwa Mardijker. Uhuru wetu umetoka hurr ya Kiarabu, kinyume cha mtumwa tangu mwanzo.

Tahadhari: “bisa” ya kwanza ni kuweza, “bisa” ya pili ni sumu ya nyoka, Kisanskriti viṣa. Ni maneno mawili, kamusi inayaweka mbali mbali.

---

Chombo_cha_Tatu

Siku za juma zinanichanganya. Rabu ni Jumanne?

---

FundiLugha

Hapana, na watu wanakosa miadi kwa hili. Kiindonesia kimefuata hesabu ya Kiarabu inayoanza Jumapili: Senin ya pili, Selasa ya tatu, Rabu ya nne, Kamis ya tano. Sisi tunaanza Jumamosi. Kwa hiyo Rabu ina nne ndani yake, lakini ni Jumatano yetu. Selasa ina tatu, ni Jumanne yetu. Senin ina mbili, ni Jumatatu. Ongeza moja kila mara. Kamis na Alhamisi zinalingana kwa sababu Alhamisi tumeichukua nzima kutoka Kiarabu, na ndiyo maana Kiswahili kina tano mbili mfululizo, Jumatano na Alhamisi. Jumat ni Ijumaa, Sabtu Jumamosi. Jumapili ni “Minggu”, Kireno domingo, na ukiandika kwa herufi ndogo “minggu” ni wiki nzima.

---

Gari_Bovu

Swali la mwisho upande wangu: neno ukilikuta kwenye sentensi, kwenye kamusi haulipati. “Menyebabkan” nimelitafuta kwenye M, halipo.

---

Marikebu

KBBI, kamusi yao kuu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1988, imepangwa kwa mzizi. Fanya hivi.

Vua viambishi vya nyuma kwanza: -kan, -i, -an, -nya. Halafu vya mbele: me-, ber-, di-, ter-, pe-, per-, ke-. Sasa ugumu: me- inaimeza k, p, t au s ya kwanza ya mzizi na kuacha sauti ya puani. Ukiona meng- ikifuatwa na irabu, jaribu k: mengabarkan – kabar. Mem- na irabu, jaribu p: memikirkan – pikir. Men- na irabu, jaribu t: menamatkan – tamat (tamati). Meny-, jaribu s: menyebabkan – sebab. Hapo umeshafika kwenye sababu.

Mikopo mipya haimezwi. Memfitnah inabaki na f, mensyaratkan na sy, memproses na pr yake nzima. Hii ni kipimo kizuri: “pikir” imemezwa kama neno la wenyeji, “fitnah” bado inatembea na sura yake.

Ukisoma maandishi ya kabla ya 1972, badilisha tahajia kwanza, maana iliyotumika ni ya Kiholanzi: tj ni c, dj ni j, j ni y, nj ni ny, sj ni sy, ch ni kh. Ya kabla ya 1947 ongeza oe, ambayo ni u. Maliza jozi kwanza, kisha j iliyokaa peke yake, na j uliyoipata kutoka dj usiiguse tena: la sivyo Djakarta itakuwa Dyakarta au Yakarta. “Masjarakat” ni masyarakat, “rakjat” ni rakyat, “sjarat” ni syarat. Majina ya watu yaacheni. Wengi wameendelea kuandika Soe- na Dj- kwenye majina yao, na ni haki yao.

Mwenye mzizi wowote uliomshinda auweke hapa chini pamoja na sentensi nzima alimoukuta.